Je, Gari Hili Ndilo Lile? Uchunguzi wa Nasaba ya Magari ya Kale

Jioni ya tarehe 13 Machi, 1930, tajiri mmoja wa Kiingereza aitwaye Woolf Barnato aliondoka mjini Cannes, kusini mwa Ufaransa, kwa gari lake aina ya Bentley. Wakati ule ule iliondoka treni ya anasa iliyojulikana kwa jina la Treni ya Buluu. Barnato alikuwa ametamba mbele ya rafiki zake kwamba angefika London kabla treni ile haijafika bandari ya Calais. Alisafiri usiku kucha, akavuka bahari kwa meli, na siku ya pili yake, saa 9 na dakika 20 alasiri, akalisimamisha gari mbele ya klabu yake mjini London. Treni iliingia Calais dakika 4 baadaye.

Kwa miaka mingi kila mpenzi wa magari alijua, au alidhani anajua, ni gari gani lililofanya kazi ile. Lilikuwa gari zuri mno, lenye paa lililoinama kuelekea nyuma na madirisha membamba, na bodi yake ilitengenezwa na karakana ya Gurney Nutting. Mchoraji mashuhuri Terence Cuneo alilichora likishindana na treni. Hapakuwa na ubishi. Ubishi ulizuka pale watafiti walipofungua madaftari wakasoma tarehe. Ilionekana kwamba gari lile lenye paa la kuinama lilikamilishwa mwezi wa Mei, 1930, yaani miezi 2 baada ya mashindano kwisha. Gari ambalo halijazaliwa mwezi wa Machi haliwezi kukimbia mwezi wa Machi. Lililokimbia lilikuwa Bentley nyingine ya Barnato, yenye bodi ya kawaida zaidi kutoka karakana ya H. J. Mulliner. Magari yote mawili yalikuwa mali yake, na sifa ya lile lisilopendeza sana ikahamia kwa lile lililopendeza.

Nimetanguliza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha upesi mambo mawili ambayo mchunguzi wa magari ya kale hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba masimulizi hupenda kung'ang'ania kitu kizuri. La pili ni kwamba tarehe moja iliyoandikwa na karani asiyekuwa na sababu ya kudanganya yaweza kuangusha imani ya miaka hamsini.

Huenda msomaji akauliza: kazi hii inatuhusu nini? Magari ya thamani ya enzi ile ni mali ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Jibu langu ni kwamba mbinu ni zile zile. Mkulima au mwalimu anayenunua gari kuukuu kwa akiba ya miaka kumi, kisha siku moja akasimamishwa barabarani na kuambiwa kwamba nambari ya fremu imefutwa na gari ni la wizi, anakabiliwa na swali lile lile lililowakabili watafiti wa Bentley: gari hili ni lipi, limetoka wapi, na lilipita mikononi mwa nani? Tofauti ni kwamba yeye ataulizwa akiwa kituo cha polisi.

Kwanza tuelewane juu ya jinsi magari ya zamani yalivyotengenezwa. Wapenzi wa magari nchini Uingereza huyatenga katika fungu lake magari yaliyotengenezwa kati ya 1919 na mwisho wa 1930. Yale ya kabla ya 1905 ni wazee zaidi, nayo huonekana kila mwaka katika safari ya kutoka London hadi Brighton. Katika kipindi hicho cha 1919 hadi 1930, viwanda vingi vya magari ya fahari havikuuza gari zima. Kampuni ya Bentley, iliyoanzishwa na W. O. Bentley mwaka 1919, ilitengeneza fremu, injini, giaboksi, ekseli na usukani. Mnunuzi alichukua kiunzi hicho akakipeleka kwa mafundi wa bodi aliowapenda, wakakivika mbao, mabati na viti. Kwa hiyo gari moja lilikuwa na wazazi wawili, na kila mzazi alikuwa na daftari lake na nambari zake. Bodi iliweza kuvuliwa baada ya miaka mitano ikavikwa fremu nyingine, na hakuna aliyeona ajabu. Gari la Barnato lilikuwa la aina iliyoitwa Speed Six, ambayo yalitengenezwa 182 tu. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1931 ikanunuliwa na Rolls-Royce. (Fedha zilizoiweka hai kabla ya hapo zilikuwa zake Barnato, aliyekuwa mwenyekiti wake tangu 1926, naye alizirithi kwa baba yake, Barney Barnato, aliyetajirikia katika migodi ya almasi ya Kimberley, Afrika ya Kusini. Wanafunzi wa historia wataona kwamba hata mashindano ya magari ya Ufaransa yalilipiwa na jasho la wachimbaji wa bara hili.)

Mtu akiuliza gari ni lipi, wengi hutaja nambari iliyo kwenye kibao cha nyuma. Hiyo ndiyo nambari dhaifu kuliko zote, kwa sababu hushikwa na skrubu mbili. Mchunguzi hutafuta angalau nne: ya fremu, ya injini, ya bodi na ya usajili. Tena hana budi kujua ni ipi kati yake iliyohesabiwa na kiwanda kuwa ndiyo jina la gari. Ford aina ya T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927 kwa idadi ya zaidi ya milioni 15, ilitambulishwa kwa nambari ya injini. Fundi aliyebadilisha injini iliyochoka alikuwa, kwa maandishi, amebadilisha gari zima. Viwanda vingine vilifuata fremu. Mtu asiyejua tofauti hiyo aweza kumwita mwizi mtu mwaminifu aliyenunua injini nyingine.

Baada ya nambari huja karatasi. Kiwandani kulikuwa na kadi ya kila fremu: siku ilipokamilika, ilipelekwa kwa nani, na baadaye matengenezo iliyofanyiwa. Kadi ya matengenezo ni hazina isiyothaminiwa, kwa maana karani aliandika kilometa, au maili, na sababu za gari kurudi. Nambari ya injini ikibadilika, huonekana hapo. Usajili wa serikali ni chanzo cha pili. Uingereza ilianza kusajili magari tarehe 1 Januari, 1904, na kila wilaya ilikuwa na rejesta yake. Katika miaka ya 1970 kazi yote ilihamishiwa ofisi moja mjini Swansea, na rejesta nyingi za wilaya zikachomwa au kutupwa kwa kuwa zilionekana hazina kazi tena. Watu wanaotafuta nasaba za magari bado wanaulilia uamuzi huo. Nadhani hata sisi tunao makarani wanaosafisha ghala kila baada ya miaka michache, nao husafisha historia pamoja na vumbi.

Chanzo cha tatu ni kodi. Mtoza ushuru hasahau. Mwaka 2009 wapiga mbizi waliinua kutoka ziwa Maggiore, mpakani mwa Uswisi na Italia, gari la Bugatti lililokuwa limelala chini ya maji zaidi ya miaka 70. Yasemekana kwamba lilishushwa ziwani na maofisa wa forodha wenyewe, kwa sababu ushuru wake haukulipwa na hakuna aliyelidai. Lilifungwa mnyororo ili liweze kuinuliwa tena, nao mnyororo ukaliwa na kutu. Lilikuwa mzoga tu, lakini mwaka 2010 liliuzwa mnadani mjini Paris kwa euro 260,500, na kilichouzwa, kwa kweli, kilikuwa ile nasaba yake.

Magari ya siku hizi yamepewa kinga ya kihesabu ambayo walimu wa hisabati wataifurahia. Tangu 1981 kila gari jipya linalouzwa Marekani hutakiwa kuwa na alama 17, mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Herufi I, O na Q hazitumiki kwa sababu zafanana na 1 na 0. Kila herufi ina thamani yake, na kila mahali pana uzito wake: kuanzia kushoto ni 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 10, 0, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2. Zidisha kila alama kwa uzito wa mahali pake, jumlisha, kisha gawa kwa 11. Baki ndiyo inayopaswa kuandikwa mahali pa tisa. Ikiwa baki ni 10, huandikwa X. Jaribu na nambari ya mfano yenye 1 kumi na saba. Jumla ya uzito ni 89, na 89 ukiigawa kwa 11 hubaki 1. Mahali pa tisa pana 1, basi nambari imepita. Sasa badilisha tarakimu moja yoyote nje ya mahali pa tisa, na hesabu itakataa kila mara, kwa kuwa 11 ni namba tasa na hakuna uzito mwingine unaogawanyika kwayo. Mwizi mwenye akili ataipita kinga hii kwa kubadilisha A kuwa J, ambazo thamani yake ni moja; lakini wezi wengi hawakusoma hesabu za baki.

Magari ya kale hayana kinga hiyo. Hayo hulindwa na metali yenyewe, na hapa ndipo fizikia na kemia huingia.

Tuseme mtu amechukua tupa akaisugua nambari ya fremu hata pakawa laini. Je, nambari imekwisha? La, haijaisha. Nambari hupigwa kwa muhuri wa chuma kigumu na nyundo. Chuma kimejengwa kwa fuwele ndogo ndogo, na ndani ya kila fuwele atomi zimejipanga safu kwa safu. Muhuri unapopiga, safu zile husukumwa, huteleza na kuvurugika, na mvurugiko huo hauishii kwenye sakafu ya shimo linaloonekana bali hupenya chini zaidi. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila gharama. Achukue waya wa shaba uliopashwa moto ukaachwa upoe, aukunje mara moja kwa nguvu, kisha awape wanafunzi waunyoshe. Pale palipokunjwa patakataa kunyoka, na waya utapinda pembeni mwake, kwa maana penye kunjo pamekuwa pagumu kuliko kwingine. Metali hukumbuka ilipoumizwa.

Mahali palipovurugika hivyo pana nishati zaidi iliyofungiwa ndani, na tindikali hupala hapo upesi kuliko jirani yake. Mchunguzi hung'arisha uso wa chuma hata ukawa kama kioo, kisha hupaka kimiminika cha kloridi ya shaba katika tindikali ya hidrokloriki, ambacho wahandisi wa metali hukiita kwa jina la Fry. Baada ya muda kivuli cha tarakimu hutokea. Nililiona jambo hili kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi ng'ambo, na nakiri kwamba nilishtuka kama mtu aliyeona maandishi yakijiandika. Hata hivyo somo la siku ile halikuwa maajabu. Niliandika 3 kwenye daftari langu. Msimamizi akaniambia nisubiri. Baada ya kupaka tena, upande wa kushoto wa tarakimu ukatokea, ikawa 8. Tangu siku hiyo siamini tarakimu iliyojitokeza nusu.

Njia hii ina mipaka. Kivuli hudumu kitambo tu, kwa hiyo kamera huwekwa tayari kabla ya kuanza. Nambari iliyosubiwa pamoja na chuma ndani ya kalibu haikupigwa na nyundo, basi haina kumbukumbu chini yake, ikishasuguliwa imekwenda. Na mhalifu akiupasha moto mkali mahali pale, kama vile kwa gesi ya kuchomelea, fuwele hujipanga upya na kumbukumbu hufutika. Lakini moto nao huacha alama: rangi ya chuma hubadilika, na chini ya hadubini fuwele za hapo huonekana tofauti na za jirani. Tindikali hizi si za kuchezea. Nisingependa kusikia kwamba mwanafunzi aliyesoma makala haya amejaribu nyuma ya bweni.

Ushahidi mwingine ni mdogo na wa bei rahisi. Angalia meno ya bolti. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 kipimo cha meno chenye pembe ya nyuzi 55, nacho kikatawala viwanda vya Uingereza kwa muda wa karne moja. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya kipimo kimoja chenye pembe ya nyuzi 60. Bolti ya nyuzi 60 ya kipimo hicho kipya ikionekana katika gari la Kiingereza la 1929, bolti hiyo ilitiwa baadaye. Kadhalika skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930. Rangi nayo ina tabaka kama udongo wa bonde la Olduvai: mchunguzi huchukua chembe moja, huikata wima, akaitazama kwa hadubini. Akikuta katika tabaka la chini kabisa rangi nyeupe ya dioksidi ya titani ya umbo la rutili, iliyoingia katika biashara ya rangi kwa wingi miaka ya 1940, ajue kwamba rangi ya kwanza ilikwishakwanguliwa. Lakini tusivuke mpaka wa ushahidi. Bolti ngeni yathibitisha kwamba bolti ni ngeni, basi. Gari lililotumika likatengenezwa litakuwa na bolti ngeni nyingi, na gari lisilokuwa na hata moja ndilo linalonitia mimi wasiwasi zaidi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali gumu, nalo lilijibiwa mwaka 1990 mbele ya Jaji Otton wa Mahakama Kuu mjini London. Gari lililobishaniwa lilikuwa Bentley nyingine ya Barnato, Speed Six iliyopewa jina la Old Number One. Mwaka 1929 Barnato na Henry Birkin walishinda nayo mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Mwaka 1930 ikashinda tena, safari hii Barnato akiwa na Glen Kidston. Gari moja kushinda mara mbili mfululizo lilikuwa jambo lisilopata kuonekana. Laiti ingepelekwa makumbusho mwaka ule, pasingekuwa na kesi. Lakini gari la mashindano halifanyiwi hivyo. Lilifanyiwa mabadiliko likashinda mbio za maili 500 za Brooklands mwaka 1931. Mwaka 1932 lilitiwa injini kubwa zaidi, ya lita 8, likarudi Brooklands. Katika mbio zile liliruka ukingo wa juu wa kona, na dereva wake Clive Dunfee akafa. Baada ya msiba huo Barnato alilijengesha upya likawa gari la barabarani lenye paa. Miongo ikapita, wamiliki wakabadilika, na mwishowe mwenye gari akalitengeneza lifanane tena na lilivyokuwa katika siku zake za ushindi.

Kampuni moja ilikubali kulinunua kwa paundi milioni 10, kisha ikakataa kulipa, ikisema kwamba gari hili silo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mahakama ililipekua gari kipande kwa kipande, na jaji akaona kwamba, ukiacha vifaa vidogo visivyoweza kukadiriwa umri, hakuna kilichobaki cha gari la 1929. Cha gari la 1930 vilibaki vitu vichache kama ganda la giaboksi, nguzo ya usukani na mhimili wa pedali. Basi mtu angetegemea jaji aseme kwamba Old Number One imekwisha kufa. Hakusema hivyo. Alitenganisha maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: asilia, halisi na nakala. Gari hili si asilia, alisema, kwa kuwa viungo vyake vya kwanza havipo. Wala si nakala, kwa kuwa hakuna wakati wowote ambapo mtu alikaa chini akakusudia kutengeneza mfano wa gari jingine. Ni halisi, kwa sababu limekuwa na maisha yasiyokatika, badiliko baada ya badiliko, mmiliki baada ya mmiliki, wala hakuna gari jingine duniani liwezalo kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa.

Wanafalsafa wa Kiyunani walikwishaliuliza swali hili juu ya meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja. Mabaharia wetu wa pwani hawakulihitaji swali: jahazi likitolewa mbao tano mwaka huu na nyingine saba mwaka ujao, jina lake halibadiliki, na deni lake pia halibadiliki. Binafsi nakubaliana na Jaji Otton, ila kwa sharti moja. Ukisema kwamba gari ni lile lile kwa sababu ya maisha yasiyokatika, basi uzito wote umeuondoa kwenye chuma ukauweka kwenye karatasi na ushuhuda. Karatasi hughushiwa kwa urahisi kuliko ganda la giaboksi. Ndiyo maana maabara na ghala la nyaraka haviwezi kuachana.

Serikali nazo zililazimika kujibu swali hilo bila falsafa. Kwa miaka mingi idara ya usajili ya Uingereza ilitumia hesabu ya alama kwa gari lililojengwa upya: fremu alama 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani alama 2 kila kimoja, injini alama 1 tu. Gari lililohifadhi alama 8 au zaidi, fremu yake ikiwemo, lilibaki na nambari yake ya zamani. Linganisha na Ford ya T, ambapo injini ilikuwa ndiyo kila kitu.

Sasa turudi nyumbani, kwenye gari la kale tunalolijua. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, na fremu ikawa ya chuma. Matokeo yake ni kichekesho kwa mtafiti. Bodi haishiki kutu, nayo ndiyo isiyosema kitu. Fremu, ambayo ndiyo yenye nambari, huliwa kutoka ndani ambako maji na matope hujificha, na hasa katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa ambako hewa ina chumvi. Fundi hulinusuru gari kwa kukata kipande kilichooza na kuchomelea kingine, na mara nyingine kipande kinachokatwa ndicho kilichobeba jina. Kinachobaki ni kibao kidogo ndani ya gari.

Hata hivyo Land Rover huacha nyayo nzuri. Land Rover moja iliyosajiliwa kwa nambari SNX 891 iliondoka London mwezi wa Septemba, 1955, pamoja na mwenzake SNX 761, zikiwabeba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na mwezi wa Machi, 1956, zikafika Singapore. Mwenzake aliangukia bondeni Iran katika safari nyingine. SNX 891 ilichukuliwa na wanasayansi wa ndege kwenda kisiwa cha Ascension, katikati ya Bahari ya Atlantiki, kisha ikahamia kisiwa cha St Helena ikasahaulika huko. Ilitambuliwa, ikarudishwa Uingereza, ikatengenezwa, na mwaka 2019 ikaendeshwa kutoka Singapore hadi London, safari ile ile kinyumenyume.

Shule nyingi, misheni na mashamba ya mkonge yanayo Land Rover ya namna hiyo chini ya mwembe, kuku wakitaga ndani yake. Ikiwa ni ya aina ya IIA, iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971, tarakimu tatu za kwanza za nambari ya fremu husema mengi. Katika zile za petroli za inchi 88, 241 iliuzwa Uingereza kwenyewe. 242 ilipelekwa ng'ambo ikiwa nzima, usukani kulia. 243 ilisafirishwa vipande vipande ili iunganishwe huko ilikokwenda. 244 ilikuwa ya ng'ambo, usukani kushoto. Ukiona 244 katika nchi yetu tunayoendesha kushoto mwa barabara, jiulize ilivukia mpaka gani. Huenda iliteremka kutoka Kongo, Rwanda au Burundi.

Mwalimu atakayetaka kuwapa wanafunzi kazi hii asianze kwa kuliosha gari. Kwanza wapige picha na kunakili kibao kilicho ndani, kisha watafute nambari iliyopigwa kwenye fremu, mbele upande wa kulia, karibu na kishikizo cha springi, wakisafisha kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe si kwa tupa wala msasa. Waandike na nambari ya injini. Zikipatana, au hata zisipopatana, nambari ya fremu yaweza kupelekwa kwenye makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, ambako kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa, na kwa ada watapata cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipokamilika, tarehe lilipoondoka kiwandani, lilikopelekwa na rangi yake ya kwanza. Cheti hicho hakisemi neno juu ya miaka sitini iliyofuata. Hiyo watafute kwenye kadi ya gari, kwenye vitabu vya hesabu vya shule, na kwa dereva mstaafu aliyeliendesha, ambaye aghalabu yu hai bado, na anakumbuka ni mwaka gani giaboksi ilibadilishwa na iliyotiwa ilitolewa katika gari la nani.